Babu wa Kondoo na Kengele

Rågsved, Stockholm
Machi 3, 2024

Ssenga Kevina mpendwa,

Shikamoo. Naandika kwa kalamu kwa sababu mara ya mwisho nilipokupigia simu nilikusalimu, ukanijibu kwamba hununui sabuni, ukakata. Najua masikio yamechoka. Macho, namshukuru Mungu, bado.

Ssenga, wewe ni dada wa Baba, kwa hiyo nakuambia kwanza: nataka kuoa. Anaitwa Namubiru, ni mfamasia, amezaliwa hapa hapa Stockholm, na mimi kwake sijiwezi. Tatizo si yeye. Tatizo ni baba yake, Mzee Kibirige wa mtaa wa Rissne, aliyetoka Uganda mwaka 1979 lakini Uganda haijatoka ndani yake hata kidogo.

Jumapili iliyopita nilikwenda kwake kujipendekeza na keki. Akanikalisha kwenye kiti kinachotazama dirisha, jua likinipiga usoni kama mshukiwa. Akaanza. Ukoo wako? Nikasema Nsenene, wale wasiokula panzi. Baba yako? Nikamtaja marehemu Baba. Babu yako? Hapo nikanywa chai. Akangoja nimeze, kisha akauliza: "Kaburi la babu yako liko wapi?"

Mimi ni dereva wa treni, Ssenga. Niulize vituo vya laini ya kijani nitakutajia hadi usinzie. Makaburi sijawahi kuulizwa. Nikatafuta kichwani nikakuta kitu kimoja tu. Baba alipokuwa anaumwa aliniambia, "Babu yako ana nyumba ya wageni Uingereza, ya kale kweli kweli. Ukipata shida mwandikie." Nilikuwa natazama mpira wa magongo wa barafuni, nikasema sawa. Nilidhani ni mambo ya mizimu, maana barua ya kumwandikia babu wa kale unaipeleka posta gani?

Basi nikamwambia Mzee kwamba babu yangu alimiliki nyumba ya wageni Uingereza na amezikwa huko huko. Namubiru akanitazama kama mtu aliyeona nimevaa viatu viwili tofauti. Mzee akasema, "Niletee picha ya kaburi. Mtu asiyejua alikolala babu yake simpi hata paka."

Kwanjula ni Agosti 17, siku ya kujitambulisha kwa wakwe, na ukumbi umeshalipiwa. Bila kaburi hakuna kwanjula, na bila kwanjula hakuna Namubiru. Mama nimemuuliza huko Kisumu. Amesema makaburi ya Waganda hayamhusu, ya Wajaluo anayajua yote. Pacha wangu Kato amenijibu kutoka Toronto kwa picha ya kidole gumba, basi.

Naomba unijibu: Babu mwenye nyumba ya wageni Uingereza alizikwa wapi? Nipe jina la nyumba, mengine niachie.

Mwanao mwenye shida,
Wasswa


Nakuru
Machi 27, 2024

Mwanangu Wasswa,

Marahaba. Barua imefika imelowa lakini furaha yake ni kavu. Umefikisha miaka thelathini na saba, nilikuwa nimeanza kukuombea novena.

Kwanza nikugombeze. Nani alikutuma kwa mkwe peke yako? Mwanamume wa Kiganda hajipeleki mwenyewe na keki. Mbuzi tu ndiye anayeweza kuingia buchani bila kusindikizwa, naye hutoka vipande vipande. Ungeniambia mapema ningekutafutia watu wa kutangulia.

Pili, Kiswahili chako. Nimepiga taipu miaka mingi katika shule ya wasichana hapa Nakuru, nimesahihisha barua za wakuu wa shule watatu, na wewe sitakuacha. Umeandika "Babu alizikwa wapi". Ulitaka kuandika "Babu anakaa wapi". Jihadhari na maneno, tusimchulie mtu.

Babu yako hajambo. Krismasi alinitumia soksi za sufu. Mwezi uliopita aliteguka kifundo cha mguu akicheza mpira, nikamwandikia kwamba kwa heshima yake katika ukoo aache kurukaruka na vijana. Hakunijibu. Nyumba yake inaitwa Kondoo na Kengele, iko katika kijiji kimoja cha Shropshire. Ina miaka mia nne, na boriti zake ziko chini kiasi kwamba hujigonga kichwa kila anapobeba trei.

Mwandikie mwenyewe. Ni mpole, ila asubuhi haamki mapema kwa sababu ya kufunga baa.

Msalimu Namubiru. Mwulize kama anajua kupika matoke, halafu usiseme kitu hata akijibu hapana.

Ssenga yako,
Kevina


Rågsved, Stockholm
Aprili 15, 2024

SSENGA WANGU MPENDWA SANA,

Nimeandika kwa herufi kubwa ili usichoke. Hapa ni mimi, Wasswa, mtoto wa kaka yako. Leo ni Jumatatu. Je, unamkumbuka rais wa Kenya ni nani? Huna haja ya kujibu haraka.

Nimemsomea barua yako Akeyo, rafiki yetu ambaye ni muuguzi pale hospitali ya Flemingsberg. Aliposikia Babu anacheza mpira akauliza una umri gani. Nikasema sabini na minne. Akanishika bega. Amenishauri nisikubishie, kwa hiyo nafurahi kwamba kifundo cha Babu kinaendelea vizuri.

Lakini, Ssenga, ajabu ni kwamba jina la nyumba ni la kweli! Akeyo anasema kumbukumbu za zamani ndizo hukaa. Kondoo na Kengele ipo, na kijiji kina ukurasa wake mtandaoni wenye majina ya waliowahi kuiendesha tangu mwaka 1621 hadi 1950. Nilisoma jina moja moja nikitafuta Mganda. Nikakuta Matthew Pargeter, aliyefariki 1764 na kuzikwa hapo hapo kanisani. Matthew ni Matayo, Ssenga. Na Matayo kwetu wamejaa. Damu ilinisisimka. Inawezekana alikuwa baharia, au mtumishi aliyebadilishwa jina. Nilikesha nikimfikiria.

Nikakimbia Rissne. Mzee Kibirige alisikiliza hadi mwisho, akavaa miwani, akachukua kalamu, akaandika nyuma ya bahasha. Kisha akasema, "Baba yako alizaliwa 1948. Babu yako alikufa 1764. Bibi yako alikuwa na subira."

Namubiru alinisindikiza hadi kwenye lifti. Mlango ulipofunguka akasema, "Skärp dig, Wasswa," yaani nijitie akili. Kisha akalia kidogo, nami nikataka lifti inimeze. Anasema baba yake hatanii. Amekwisha kumkatalia dada wa Namubiru mchumba kwa swali hilo hilo.

Kwa hiyo Alhamisi naruka kwenda Uingereza. Nitalipiga picha kaburi la Pargeter, na nitatazama mawe yaliyo jirani, huenda kuna wa kwetu wa karibu zaidi. Niombee, na unywe maji ya kutosha.

Mwanao,
WASSWA


Nakuru
Mei 6, 2024

Wewe Wasswa,

Leo ni Jumatatu. Rais namjua, na ushuru wake naujua zaidi. Mwambie Akeyo auondoe mkono begani kwako, mgonjwa hayuko Nakuru.

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nikazisoma barua zako upya, nikagundua mtoto hujui. Hujui kabisa! Kosa ni la kaka yangu aliyekulea huko kwenye barafu akidhani mambo ya ukoo huingia mtu yenyewe kama mafua. Sasa kaa chini.

Babu yako aliyemzaa baba yako aliitwa Yokana. Alifariki mwaka 2003, na amezikwa Kyotera, kule Uganda, kwenye kiwanja cha ukoo. Ndio msiba aliokwenda baba yako ukabaki shuleni. Kaburi ni hilo, lina saruji na msalaba, na nyasi zake nalipia mimi.

Lakini kwetu mtu akifa kiti chake hakikai wazi. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulimchagua mrithi, Matayo, mtoto wa mdogo wetu, akiwa na miaka kumi na miwili. Nilimfunga lubugo begani, lile vazi la gome la mti, kwa mikono yangu hii. Akapewa mkuki unaomzidi kimo, akaambiwa mbele ya watu wote kwamba kuanzia siku hiyo yeye ndiye Yokana. Sisi watoto wa Yokana tukapiga magoti tukamsalimu baba yetu. Alikuwa analia, anataka kwenda kucheza. Tangu siku hiyo mimi namwita Baba, na wewe kwako ni Babu, upende usipende. Ana miaka thelathini na mitatu.

Alikwenda Uingereza kusoma, akawa anaosha vyombo Kondoo na Kengele. Wenye nyumba walipozeeka wakampangisha yote. Jina lake limeandikwa juu ya mlango, kama sheria yao inavyotaka. Huyo ndiye uliyeambiwa umwandikie ukipata shida, nawe ukaenda kumlilia Mzungu wa 1764.

Nimemwandikia Baba akuandikie. Mjibu kwa adabu.

Ssenga yako, mwenye akili zake zote,
Kevina


Kondoo na Kengele, Shropshire
Mei 14, 2024

Mjukuu wangu Wasswa,

Hujambo? Najua unanizidi miaka minne, lakini shikamoo yangu nitaipokea.

Tumeshaonana. Yule kijana uliyemwambia "Kaka, ongeza soda, babu yangu alimiliki mahali hapa," ni mimi babu yako.

Usijilaumu sana. Kila kiangazi huja watu wakisema babu zao walimiliki hii nyumba, wengi wao Wamarekani. Nimewatengea kona karibu na meko, wanapiga picha, wanalia kidogo, wananunua kikombe. Nilikuweka kwenye kona hiyo hiyo. Ulisema unatoka Stockholm, na mimi picha yako niliyonayo una meno mawili. Uliniuliza kama natoka Jamaika. Nilikuwa na meza saba zinangoja chakula, nikasema ndiyo ili nimalize.

Baadaye nikakuona dirishani, umepiga goti kwenye jiwe la Pargeter, maua mkononi, mabega yanatikisika. Nilimwambia mpishi, huyu analia kwa dhati, soda zake tusimtoze. Kwa taarifa yako, Pargeter alipigwa faini mara mbili kwa kutia bia maji, na hapa kijijini hakuna anayejivunia kuwa mjukuu wake. Wewe ndiye wa kwanza kumletea maua.

Barua ya Kevina ilipofika nilicheka mpaka mbwa akahama chumba. Kisha kicheko kikaisha. Nilipofungwa ule lubugo niliambiwa nina wajukuu wengi, na kwamba kazi yangu ni kuwasikiliza. Nilikuwa mtoto lakini niliishika kazi hiyo kwa uzito. Nikangoja. Mmoja yuko Dubai, wengine Boston, Kampala, Toronto. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniletea shida yake. Nilikuwa nimeanza kuamini kwamba ni babu wa kupigia picha, kama ile kona yangu.

Sasa umepata shida. Nimefurahi mno, samahani kusema hivyo. Nipe tarehe na mahali.

Babu yako,
Matayo


Rågsved, Stockholm
Mei 24, 2024

Babu,

Shikamoo. Sijui nianze kuomba radhi kwa ile "kaka", kwa Jamaika au kwa Pargeter.

Nimemweleza Mzee Kibirige kila kitu. Hakukasirika, na hilo ndilo linaloniogopesha. Alisema tu, "Mlete tumwone," kwa uso wa mtu anayenoa kisu. Wazee wenzake wote wa Rissne wamekwishapata habari, na wanakuja kutazama babu anayecheza mpira.

Ni Agosti 17, ukumbi wa kanisa hapo Rissne, saa nane mchana. Kanzu ya marehemu Baba ipo, nimeipiga pasi. Usipokuja nimekwisha, Babu. Na tafadhali usivae raba.

Mjukuu wako,
Wasswa


Rågsved, Stockholm
Agosti 19, 2024

Binti yangu Kevina,

Nakuandikia nikiwa kwenye sofa la mjukuu wangu, miguu inaning'inia nje. Najua unangoja habari kwa hasira, basi hizi hapa.

Kanzu ya marehemu ilinitosha. Tulipoingia ukumbini, binti wa mapokezi akanielekeza kwenye viti vya vijana, karibu na viatu. Wasswa akamwambia kwamba mimi ndiye mzee wa upande wetu. Yule binti akamwita mama yake, mama akaita shangazi, na shangazi akanizunguka nyuma kana kwamba mzee mwenyewe nimemficha mgongoni. Wazee wa upande wao wakaanza kucheka. Mmoja, kwa sauti, akauliza kama Babu ameomba ruhusa kwa mwalimu.

Mzee Kibirige hakucheka. Alikuwa amekaa mbele kwenye kiti chenye mito. Akanyamazisha watu kwa mkono mmoja, akamwita Wasswa katikati ya ukumbi. "Kijana, mwezi wa pili nilikuomba kaburi. Liko wapi?"

Namubiru alikuwa mlangoni amevaa gomesi, lile vazi refu la mabega yaliyochongoka, ameshika mkono wa dada yake. Nikataka kumjibia mimi. Lakini akajibu mwenyewe. "Mzee, aliyelala yuko Kyotera. Aliyekalishwa kwenye kiti chake ni huyu. Leo sikukuletea picha, nimekuletea babu mwenyewe."

Mzee akanigeukia. "Nani alikufunga lubugo?"

"Binti yangu Kevina," nikasema. "Aliufunga kwa nguvu nikashindwa kupumua."

"Na mkuki?"

"Ulinishinda uzito, Mzee. Niliuangusha, ukamchoma kuku wa jirani. Tukamla jioni."

Watu wakaangua kicheko. Kisha, Kevina, Kibirige akainuka. Ana miaka sabini na sita na goti lake moja ni bovu. Akavuka ukumbi mzima, akanishika mkono, akanipeleka kwenye kiti chake. "Jjajja," akasema, akaniita babu mbele ya wote, "kaa hapa." Yeye akaenda akakaa kwenye viti vya vijana, karibu na viatu. Hakuna aliyecheka tena. Namubiru alitoka mlangoni mbio, ssenga yake akamkimbiza arudi, maana zamu yake ilikuwa haijafika. Wasswa akalia waziwazi, na safari hii alikuwa na haki.

Posa imekubaliwa. Watafunga ndoa Desemba.

Lakini kuna jambo lingine. Wakati wa chakula Kibirige alinifuata jikoni. Akafunga mlango, akasimama akikuna ndevu. Akaniambia baba yake, Mzee Blasio wa Mpigi, alifariki mwaka 1984. Yeye alikuwa hapa mkimbizi, na kurudi wakati ule kulikuwa ni kujitakia kifo. Hakuzika. Baadaye akaona aibu kuuliza, na aibu ikikaa sana hugeuka ukuta. Mpaka leo hajui amezikwa wapi wala nani alikalishwa kwenye kiti chake. "Hawa vijana nawauliza," akasema, "swali ambalo mimi mwenyewe siwezi kulijibu."

Kevina, wewe unawajua watu wote waliowahi kuzika mtu Buganda. Naomba umtafutie. Naomba kama baba yako.

Nami kesho narudi. Mpishi amenitumia ujumbe kwamba Wamarekani wamekuja.

Baba yako,
Matayo


Rågsved, Stockholm
Oktoba 7, 2024

Ssenga mpendwa,

Shikamoo. Jina na nambari ya simu ulivyotutumia vilifika Ijumaa. Jana mimi na Namubiru tukampelekea Mzee.

Tulimwambia kwamba baba yake amezikwa Mpigi, kwenye kiwanja cha ukoo. Tulimwambia pia kwamba aliyekalishwa kwenye kiti chake alikuwa mtoto wa miaka miwili, aliyepakatwa siku nzima ya sherehe, na kwamba sasa ni fundi wa mafriji mwenye miaka arobaini na miwili. Mzee akasema vizuri. Akaingia chumbani. Tukadhani amekwenda kulala. Akatoka amevaa suti na tai, viatu vimepigwa rangi, akasema, "Pigeni."

Namubiru akapiga, akaweka sauti ya wote kusikia, akaiegemeza simu kwenye bakuli la sukari. Mzee hakukubali kukaa. Alisimama wima mbele ya meza, mikono mbele, kama mtoto aliyeitwa na mwalimu mkuu. Huko Mpigi ikapokelewa, mashine inanguruma, mtu anasema halo, halo, fundi hapa, nani mwenzangu?

Mke wa Mzee akamgusa mumewe mgongoni.

"Baba," akasema. "Ni mimi Kibirige. Niko Sweden."

Mashine ikazimwa. Nikadhani mtandao umekatika, nikataka kusogea niangalie. Namubiru akanizuia.

"Kibirige!" ile sauti ikasema, polepole, sauti ya mtu anayenizidi miaka michache tu. "Kibirige mwanangu. Walinieleza kwamba nina mtoto hajarudi nyumbani. Umekula?"

Mzee akavua miwani akaishika.

"Bado, Baba," akasema.

Mwanao,
Wasswa